Kabureta ya Viraka: Kipi Kihamishwe, Kipi Kibaki na Mwenzake

Kila fundi pikipiki ana kopo lake. Liwe la rangi au la maziwa ya unga, ndani mna jeti, sindano, springi, skrubu na maboya yaliyobaki baada ya kabureta zenyewe kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Bodaboda nyingi zinarudi barabarani kwa kopo hilo, hasa mwenye pikipiki anapokuja na kauli tunayoijua sote: "Fundi, leo sina hela ya kabureta nzima. Nifanyie utundu tu, nipate hesabu ya bosi."

Utundu upo, na mwongozo huu ni wa utundu huo. Lakini kopo lina ubaya wake: linachanganya vitu vilivyokuwa pamoja tangu kiwandani. Kabureta ina vipande vinavyoweza kuhama nyumba bila shida, na ina jozi ambazo ukizitenganisha pikipiki haitulii hata uishike skrubu mchana kutwa. Jozi ni tatu. Pistoni ya kabureta na mwili wake. Sindano ndefu na mrija inamopita. Sindano fupi ya boya na kiti chake. Ukihamisha, hamisha jozi nzima, au usiiguse. Jeti, skrubu, springi za skrubu, na bakuli la modeli ileile vinaweza kuhama, kwa masharti nitakayoyaeleza.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha mgonjwa ni kabureta kweli. Fungua kifuniko cha tangi uwashe pikipiki. Ikiwa ilikuwa inazima baada ya kilometa chache na sasa haizimi, tundu la hewa la kifuniko limeziba, na kabureta haina kosa. Chomoa mpira wa mafuta, ufungue koki, uone kama petroli inamiminika vizuri au inadondoka kwa kusuasua. Angalia chujio la hewa kama limejaa vumbi, au kama kuna mtu aliyelitoa akidhani anaongeza nguvu. Kisha kuna kipimo kimoja kisichohitaji spana: injini ikiwa na moto, vuta choki nusu. Pikipiki ikichangamka, ilikuwa na njaa ya mafuta, au inavuta hewa mahali isipotakiwa. Sasa rudisha choki na ufunge koki ya mafuta. Ikichangamka sekunde chache kabla ya kuzima, ilikuwa inameza mafuta kupita kiasi. Hapo tayari unajua upande wa kutafuta.

Fanya kazi nje, mbali na jiko na sigara, na petroli iingie kwenye chombo chenye kifuniko. Kabla hujatoa skrubu ya mchanganyiko, ile ndogo ya ubavuni, ikaze taratibu huku ukihesabu mizunguko mpaka iguse, uandike hesabu, ndipo uitoe. Usiikaze kwa nguvu. Ncha yake ni nyembamba, na ikipasua tundu lake hakuna kipande chochote cha kopo kitakachorekebisha hilo.

Kwa kusafisha jeti, sahau unyuzi wa waya wa klachi. Ule ni chuma, jeti ni shaba nyeupe, na chuma kikipita mara kadhaa tundu linapanuka na kupata michirizi. Tumia unyuzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, au unywele mgumu wa mswaki, kisha pulizia kwa kompresa ya mtu wa pancha. Maji ya ndimu yanaondoa utando wa petroli iliyolala, ila usiuache mwili wa kabureta ndani yake usiku kucha, kwa sababu asidi inakula ile aloi ya zinki na kuiacha na vishimo.

Sasa jozi ya kwanza, ambayo ndiyo yenye hatari. Pistoni ya kabureta ni lile bomba fupi linalopanda na kushuka unapovuta resi. Pistoni za kabureta mbili zenye jina moja, tuseme PZ27 mbili za viwanda viwili tofauti, zinaweza kufanana kwa macho na kutofautiana kwa unene wa unywele. Nyembamba itacheza, itagonga kama njuga na kupitisha hewa pembeni, na sailensa, yaani mngurumo wa injini resi ikiwa imefungwa, haitashikika. Nene itaingia ukiwa umekaa kijiweni na kabureta ya baridi, halafu injini ikipata joto itakwama. Resi iliyokwama wazi mbele ya lori si jambo la kujaribu. Kwa hiyo ukilazimika kutumia pistoni ya kabureta nyingine, iingize bila springi, shikilia mwili wima na uiachie: ishuke yenyewe kwa uzito wake mpaka chini, bila kusita na bila kuyumba. Ikisita, usiipige msasa. Tafuta nyingine. Na hata ikishuka vizuri, tazama mkato wa chini upande mmoja. Mkato huo hutazama chujio la hewa, na kimo chake ndicho kinachoamua mchanganyiko resi inapoanza kufunguka. Mkato mrefu zaidi unaingiza hewa zaidi, na pikipiki itajikwaa kila unapoondoka kwenye taa. Wapo wanaofunga pistoni kinyumenyume, kisha wanashangaa kwa nini pikipiki inanguruma juu bila kushuka.

Jozi ya pili ni sindano ndefu na mrija wake. Sindano imechongwa kwa mteremko, na mafuta yanapita kwenye upenyo uliopo kati yake na ukuta wa mrija. Upenyo huo ni mdogo mno kuupima kwa jicho. Sindano iliyosagika upande mmoja, au mrija uliogeuka yai, vinapitisha mafuta mengi katika resi ya kati, ambako bodaboda inaishi siku nzima. Ndiyo maana dereva analalamika kwamba pikipiki inakula mafuta hata baada ya kubadilishiwa jeti mara kadhaa: jeti kubwa haikuwa na kosa. Paka wino wa kalamu kwenye sindano, uirudishe, vuta resi mara nyingi, kisha uitoe. Wino ukifutika upande mmoja tu, jozi imechakaa. Chukua sindano na mrija kutoka kabureta moja ya zamani ambayo bado ni nzima. Sindano yenye vijishimo vya klipu, mara nyingi vitano, inakupa nafasi ya kurekebisha: ukishusha klipu, sindano inapanda na mafuta yanaongezeka, ukiipandisha klipu, yanapungua. Sindano nyingine za kiwandani zina kishimo kimoja tu. Hizo unaziinua kwa washa nyembamba chini ya klipu, na washa moja mara nyingi inatosha.

Jozi ya tatu ndiyo inayoleta wateja wengi zaidi, kwa sababu harufu ya petroli haifichiki. Kabureta inamwaga, fundi anatoa sindano ya boya kwenye kopo, anaitia, na bado inamwaga. Tazama ncha ya mpira ya sindano hiyo kwa mwanga wa simu. Ukiona pete imejichimba kuzunguka ncha, sindano hiyo ilizoea kiti kingine, na kwenye kiti chako haitaziba. Katika kabureta nyingi ndogo kiti kimekandamizwa ndani ya mwili na hakitoki, hivyo sindano ndiyo itakayokifuata kiti. Linganisha urefu, unene, umbo la ncha na ile pini ndogo ya springi iliyo nyuma. Kipimo chake: kausha kabureta, funga boya, geuza mwili juu chini, vika mpira safi kwenye njia ya mafuta na upulize. Hewa isipite hata kidogo. Geuza mwili wima, boya lishuke, na hewa ipite. Tumia mpira mpya, usiutie mdomoni ule uliotoka kwenye tangi.

Boya lenyewe litikise sikioni. Ukisikia maji ndani, limetoboka. La shaba linazamishwa kwenye maji ya moto, mapovu yanakuonyesha tundu, unalikausha mpaka petroli yote itoke na harufu iishe, ndipo unalitia lehemu. Usisogeze moto karibu na boya lenye mvuke wa petroli. Lehemu iwe tone dogo, kwani boya zito linakaa chini zaidi kwenye mafuta, linachelewa kufunga, na kimo cha petroli kinapanda. La plastiki lililotoboka litupe.

Ukichanganya boya la huku na sindano ya kule, kimo cha mafuta kitabadilika, na hapa hakuna kukisia. Vika mpira unaoonyesha ndani kwenye mdomo wa kumwagia ulio chini ya bakuli, uuinue ubavuni mwa kabureta, fungua skrubu ya kumwagia na koki, pikipiki ikiwa imesimama wima. Petroli ndani ya mpira itasimama sawasawa na ile ya ndani ya bakuli. Kwa kawaida inatakiwa kusimama milimita chache chini ya ungio la bakuli na mwili. Ikifika kwenye ungio, punde itamwagika. Ikiwa chini sana, pikipiki itamisi kwenye mlima mrefu. Rekebisha kwa kukunja kile kiulimi cha boya, kidogo kidogo: kikielekezwa kwenye sindano, mafuta yanafunga mapema. Mabawa ya boya usiyakunje.

Jeti na namba zake

Jeti ndiyo kipande kinachosafiri zaidi kati ya pikipiki na pikipiki, na ndicho kinachodanganya zaidi. Namba iliyopigwa juu yake ina maana kulingana na aliyeitengeneza. Jeti za Keihin kwa kawaida zinahesabiwa kwa kipenyo cha tundu katika sehemu za mia za milimita, kwa hiyo 100 ni milimita moja. Jeti za Mikuni zenye kichwa cha pembe sita zinahesabiwa kwa kiasi cha mafuta kinachopita kwa dakika. Jeti ya 100 ya huku na 100 ya kule si kitu kimoja, na ukizibadilishana kwa kuamini namba umebadilisha mchanganyiko bila kujua. Ongeza na kopi zisizo na namba, au zenye namba iliyopigwa tu kwa mazoea.

Usidharau pia tofauti ndogo. Kutoka 90 hadi 100 kwa hesabu ya kipenyo unaona kumi, lakini eneo la tundu limeongezeka kwa takriban asilimia 23. Kutoka 95 hadi 100 ni karibu asilimia 11. Ndiyo maana jeti "moja tu juu" inageuza plagi kuwa mkaa.

Zishindanishe jeti badala ya kuzisoma. Chukua chupa ya maji, ikate kitako, toboa kifuniko na upitishe mpira wa mafuta unaobana, kisha jeti uibane kwenye mwisho wa mpira ikielekea upande uleule inaoelekea ndani ya kabureta. Ining'inize chupa, ijaze maji yaliyochujwa kwa kitambaa mpaka alama, na utumie saa ya simu kuona glasi moja inajaa kwa muda gani. Anza na jeti unayoijua kuwa sahihi kwa injini ya aina hiyo, kisha zile za kopo, ukirudisha maji kwenye alama ileile kila mara. Inayojaza glasi kwa muda sawa na ile nzuri ndiyo ndugu yake, iwe imeandikwa 92, 105 au haikuandikwa kitu. Kipimo hiki hakikupi namba ya kiwanda, nawe huihitaji.

Uzi wa jeti unauhisi kwa vidole. Iingie kwa mkono mpaka mwisho. Ikikaza baada ya nusu mzunguko, uzi haufanani, na bisibisi itaharibu mwili ambao ndio wenye thamani. Angalia pia urefu: jeti ndefu kuliko ya mwanzo inaweza kugusa kitako cha bakuli na kukosa mafuta.

Kuna mtindo wa kupenyeza unyuzi wa shaba ndani ya jeti kubwa na kuukunja pande zote mbili "ili pikipiki isile mafuta". Dereva anafurahi wiki ya kwanza. Lakini mchanganyiko mkavu, wenye hewa nyingi kuliko mafuta, unachoma kwa joto kali, na injini zetu zinapozwa na upepo peke yake, zikiwa na abiria wawili na gunia la mahindi. Valvu ya moshi na pistoni ya injini ndizo zinazolipa. Ukikutana na unyuzi huo, utoe. Jeti iliyotobolewa kwa sindano ya kushonea nayo itupe: itazame dhidi ya jua, na tundu lisilo duara utaliona.

Halafu kuna suala la mwinuko, ambalo wanunuzi wa kabureta za mitumba hawalifikirii. Kabureta iliyofunguliwa kwenye pikipiki ya Dar es Salaam ilipimiwa hewa ya pwani. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na hewa inapungua uzito kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Kabureta ileile huko juu inatoa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, si kwa asilimia 20 nzima bali kama nusu yake, kwa sababu mvuto wa hewa kwenye jeti nao unapungua. Kwa hesabu hiyo, jeti ya 100 iliyokuwa sawa Dar inaweza kudai 95 Njombe. Anayeteremka kutoka Makete kwenda pwani ana tatizo la kinyume, na lake ni baya zaidi, kwa kuwa pikipiki kavu haitoi moshi mweusi wa kukuonya.

Mwili mkubwa kuliko injini

Utaletewa PZ30 kwa ajili ya injini ya 125, na mwenye pikipiki ataamini kwamba ataongeza nguvu. Zile injini zilizonakiliwa kutoka Honda CG125 zimezoea koo la milimita 26 au 27. Kwenye koo pana zaidi hewa inapita polepole, inashindwa kunyonya mafuta vizuri kwenye resi ya chini, na pikipiki inasita kila unapoondoka. Mimi ningekataa. Ukilazimika, basi angalau usiache ngazi pale koo la kabureta linapokutana na insuleta ya upande wa injini, wala mdomo wa gasketi usichungulie ndani.

Ungio hilo ndilo linalopotosha mafundi wengi kuliko jeti zote. Frenji ya kabureta iliyokazwa kupita kiasi mara nyingi imepinda kama upinde. Iweke juu ya kioo: ikicheza, tandaza msasa laini juu ya kioo hichohicho na uisugue taratibu mpaka ing'ae kote. Oringi yake iwe ya kustahimili petroli. Mpira wa tyubu ya baiskeli haufai, kwani petroli inauvimbisha na kuulegeza. Silikoni ya tyubu nayo iache kabisa kwenye bakuli, maana vipande vyake vinamomonyoka na kwenda kukaa kwenye jeti ndogo, ukarudi ulikoanza. Kata gasketi ya karatasi ya gasketi, kwa kuchora umbo la ungio lenyewe. Injini ikiwa inanguruma, nyunyiza maji kidogo kuzunguka ungio. Sauti ikibadilika, hewa inaingia.

Bakuli la kabureta nyingine lisifungwe kwa kuamini tu kwamba matundu ya skrubu yanalingana. Lifunge bila petroli, geuza kabureta juu chini na kuirudisha wima karibu na sikio. Boya lisikike likigonga huku na huku kwa uhuru. Likiwa kimya, linasugua ukuta. Na ile mipira midogo ya hewa ya bakuli, ambayo watu wanaikata au kuiziba kwa sababu "haina kazi", iwe wazi. Bila hewa kuingia kwenye bakuli, mafuta hayapandi.

Kutega kabureta

Ukishafunga, kazi ya kwanza ni usalama. Kabla ya kuwasha, vuta resi na uiachie ghafla: pistoni ipige chini kwa sauti. Geuza usukani kushoto mpaka mwisho, rudia, kisha kulia. Ikisita mahali popote, pikipiki haitoki hapo.

Washa, ipate moto kweli, si dakika moja. Skrubu ya mchanganyiko ianzie mzunguko mmoja na nusu kutoka kukazwa, kisha itafute pale injini inaponguruma juu zaidi, ndipo upunguze sailensa kwa skrubu yake. Ujue skrubu yako ni ya upande gani. Iliyo upande wa chujio inatawala hewa, ukiifungua unakausha. Iliyo upande wa injini inatawala mafuta, ukiifungua unaongeza. Mwili uliotoka kwenye modeli nyingine unaweza kuwa na skrubu upande usiouzoea, na fundi anayegeuza kwa mazoea anaharibu huku akidhani anatengeneza. Ikiwa injini haijali hata ukiifungua mizunguko mitatu, jeti ndogo si ya saizi yake au imeziba, au kuna hewa inayoingia kwenye ungio.

Kisha bandika utepe kwenye mshiko wa resi na uweke alama za robo, nusu na robo tatu. Mwambie dereva aende na arudi akueleze inakosea kwenye alama ipi. Chini ya robo ni jeti ndogo, skrubu na mkato wa pistoni. Kati ya robo na robo tatu ni sindano na mrija wake. Juu ya hapo ni jeti kubwa. Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Ukibadilisha viwili na mambo yakawa mabaya, hutajua umlaumu nani.

Plagi isomwe baada ya mwendo wa kweli. Panda kilima kwa resi nyingi, kamata klachi, zima injini palepale na uifungue plagi. Kahawia ni nzuri. Masizi makavu meusi ni mafuta mengi. Nyeupe, au yenye vipele vilivyoyeyuka, ni ukavu, na pikipiki hiyo usimrudishie mteja hata akiwa na haraka. Milio ya "pa-pa" kwenye ekzosi anaporudisha resi nayo mara nyingi ni ukavu au gasketi ya ekzosi inayovuja.

Kama pistoni inacheza hata ikiwa ya mwili wake, kama kiti cha boya kimeliwa, au uzi wa jeti umekatika, acha. Kabureta moja ya mtumba ya modeli ileile, iliyofunguliwa ikiwa nzima, ni bora kuliko vipande vya pikipiki tano. Mwambie mwenye pikipiki hivyo kabla hujala muda wako na petroli yake.

Pikipiki ikikubali, chukua kipande cha karatasi ngumu uandike kwa kalamu ya wino: mwili umetoka pikipiki gani, jeti kubwa na ndogo za namba gani au zimelingana na ipi kwenye kipimo cha chupa, klipu iko kishimo cha ngapi, skrubu mizunguko mingapi. Kifunge kwa nailoni na ukiweke chini ya kiti, karibu na betri. Fundi mwingine atakayeifungua kule Makambako hana jinsi nyingine ya kujua kwamba jeti ya 105 iliyomo humo inapitisha kama 95.